Namba 88 mjini Tabora: uhakiki wa onyesho la Tony Gonzalez katika banda la video la Ng'ambo

Mabanda ya video ya Tabora huishi kwa mambo mawili: mpira wa miguu wakati ligi zinachezwa, na filamu zilizotiwa sauti ya DJ wakati ligi zimepumzika. Banda moja la eneo la Ng'ambo, ambalo halina kibao na hujulikana kwa jina la mwenye nyumba tu, limeongeza jambo la tatu. Katikati ya juma, baada ya sala ya isha, DJ wake huonyesha vipande vya mechi za mpira wa Kimarekani alivyovikusanya kutoka intaneti na kuvisimulia kwa Kiswahili, mchezaji mmoja kwa usiku mmoja. Kati ya maonyesho niliyoyatazama, lile la Tony Gonzalez, aliyecheza nafasi ya taiti endi katika NFL, ligi kuu ya mpira huo, kuanzia 1997 hadi 2013, ndilo linalostahili kuandikiwa, kwa kuwa saa yake ya kwanza ni kazi ya mtu anayeujua mchezo na anayejua kuufundisha, ilhali saa yake ya pili kwa sehemu kubwa ni sifa zilizopigiwa muziki.

Nianze na banda lenyewe ili nilimalize. Kiingilio ni shilingi 1,000, mtoto nusu yake. Mabenchi ni ya mbao yasiyo na egemeo, na yale ya nyuma yametokeza misumari. Anayeionea huruma suruali yake akae safu za mbele. Picha hutupwa na projekta kwenye shuka jeupe lililokazwa vizuri, jambo ambalo mabanda mengi hayalizingatii, na sauti ya DJ husikika bila mikwaruzo. Kahawa na kashata huuzwa nje chini ya mwembe, na muuzaji haruhusiwi kuingia na birika lake onyesho likiwa linaendelea, utaratibu ambao naunga mkono kwa mikono miwili. Joto ni kali, kwa sababu madirisha yamezibwa kwa maboksi ili mwanga usiingie, na feni iliyopo inampepea DJ peke yake.

Huenda mtu akauliza kwa nini banda lionyeshe vipande vya zamani badala ya mechi zenyewe. Sababu ya kwanza ni saa. Mechi za mapema za Jumapili huanza saa mbili usiku kwa saa za huku, na kuanzia Novemba, Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma, huanza saa tatu; ile kubwa ya usiku wao huanza baada ya saa tisa usiku kwetu, na Super Bowl, ambayo ndiyo fainali, huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, wakati ambapo hata mbwa wa Ng'ambo wamelala. Sababu ya pili ni kwamba mechi moja huchukua takriban saa tatu, na sehemu kubwa ya muda huo wachezaji wamesimama wakipanga mambo yao. Kwa mgeni wa mchezo huu, vipande vilivyochaguliwa ni mlango mzuri zaidi, ilimradi aliyevichagua awe hakuchagua vya raha peke yake.

DJ haanzi na Gonzalez. Huanza na ubao mweusi na chaki, projekta ikiwa bado haijawashwa, akichora wachezaji 11 wa timu inayoshambulia na kutaja sharti moja tu: timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, yaani mita tisa na ushei, ikifaulu inaanza kuhesabiwa upya, ikishindwa mpira unahamia kwa wapinzani. Pointi, adhabu na mengineyo huyaacha yajitokeze yenyewe baadaye. Kisha huwazungushia duara wachezaji watano wa katikati, wanene na wazito, ambao kazi yao ni kuzuia na ambao kwa kawaida hawaruhusiwi kudaka pasi. Halafu wale wa pembeni kabisa, wembamba na wenye mbio, ambao kazi yao ni kukimbia na kudaka. Mwisho huandika X ubavuni mwa mzuiaji wa mwisho na kusema kwamba huyo ndiye taiti endi, mtu wa usiku wa leo: anasimama na wazuiaji na kuzuia kama wao, lakini sheria inamruhusu kuondoka na kudaka kama wale wa pembeni. Hayo huchukua dakika chache, na sijayasikia yakielezwa kwa ufupi na ukamilifu kama huo katika lugha yetu.

Picha ikiwashwa ndipo ustadi wake unapoonekana. Mchezo unapoanza, kamera ya televisheni humfuata mwenye mpira, na macho ya watazamaji hufuata kamera. DJ huyu huisimamisha picha kabla ya hapo. Akiwa na rimoti mkononi hurudisha nyuma, husogeza mbele kidogo kidogo, na kwa fimbo ndefu ya mwanzi humgusa namba 88, yaani Gonzalez, kwenye shuka, si mikononi bali kifuani. Siku hiyo mzee mmoja aliyekaa safu ya mbele alipoteza subira baada ya kurudishwa nyuma mara ya tatu.

"Kijana, mbona huyu mtu wako mpira hapewi? Tumelipa kumtazama anayesukumana na wenzake?"

"Shikamoo, mzee wangu. Mtazame kifua. Akimkabili mtu kwa kifua na kukaza miguu, anazuia. Akimpa bega akapita, huyo anakwenda kudaka. Na yule anayemkabili hajui ni lipi mpaka amechelewa."

"Marahaba. Haya, endelea."

Picha ilipoachiwa, Gonzalez aliinama, akampokea mlinzi wa pembeni kwa viganja viwili, akamshikilia kwa muda wa kuhesabu moja na mbili, kisha akampa bega na kuteleza nyuma ya walinzi wa katikati, ambao kwa wakati huo walikuwa wameshasogea mbele wakidhani mpira unapitishwa chini kwa mkimbiaji. Kwotabeki, ambaye ndiye mrusha pasi wa timu, alimrushia mpira mfupi, wa juu kidogo, na hakukuwa na mtu karibu yake. Katika kipande kilichofuata benchi zima lilikuwa likipiga kelele kabla ya DJ kusema neno: "Anazuia! Anazuia! Anaondoka!" Watu ambao nusu saa iliyopita hawakujua kwa nini mpira ule una ncha mbili walikuwa wanausoma mwili wa mchezaji asiye na mpira. Hilo ndilo jambo adimu katika onyesho hili, na kwa hilo pekee shilingi 1,000 si ghali.

Si kila alichosema nilikikubali. Alimfananisha Gonzalez na Shomari Kapombe wa Simba, beki wa kulia anayepanda kupiga krosi kisha akarudi kukaba, na wapenzi wa Yanga waliokuwemo walinung'unika kwa sababu zao. Mfano huo unasaidia kuonyesha mtu mwenye kazi mbili, lakini unaficha ugumu wenyewe. Beki anayepanda ana nafasi ya kuangalia, ya kupunguza mbio, hata ya kughairi. Taiti endi ameshaambiwa kabla ya mchezo kuanza ni kazi gani kati ya mbili anatakiwa kuifanya, na anatakiwa aifanye bila hatua yake ya kwanza kuisema, huku mtu wa zaidi ya kilo 110 akimwegemea. Gonzalez naye hakuwa mdogo, kwa kuwa alikuwa na urefu wa mita 1.96 na uzito wa kiasi hichohicho, lakini watu wakubwa katika ligi hiyo ni wengi. Wanaojua kuficha nia ya miguu yao ni wachache.

Sehemu ya ujana wake imetengenezwa vizuri mno, na naona ndiyo inayowagusa zaidi vijana wa shule wanaocheza kikapu. Gonzalez alizaliwa 1976 huko Torrance, California, akakulia Huntington Beach, na mwaka wake wa mwisho wa sekondari aligawana tuzo ya mwanamichezo bora wa shule za Orange County na kijana mwingine wa huko aliyecheza gofu, ambaye ni Tiger Woods. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alicheza mpira wa Kimarekani na kikapu kwa pamoja, na mwaka 1997 alikuwa katika timu ya kikapu iliyofika hatua ya 16 bora ya mashindano ya vyuo ya taifa. DJ aliweka kipande cha kikapu na cha mpira wa Kimarekani kimoja baada ya kingine, akisimamisha vyote viwili pale Gonzalez anapompa mlinzi mgongo na kupanua viwiko ili mpira unaoshuka uwe wake peke yake. Ni kitendo kilekile. Mtu anayegombea mpira uliogonga ringi hahitaji kuwa mwepesi kuliko mpinzani. Anahitaji kufika kwanza mahali ambapo mpira utaangukia na kukataa kuhamishwa. Alipomtaja Hasheem Thabeet wetu, aliyechaguliwa wa 2 katika NBA mwaka 2009, ukumbi ulipiga makofi, na DJ alitumia nafasi hiyo kueleza namna timu za Marekani zinavyowagawana vijana wa vyuo kwa zamu. Kansas City Chiefs walimchukua Gonzalez akiwa wa 13 mwaka 1997.

Hapo ndipo kasoro ya kwanza kubwa inapojitokeza. Kutoka 1997 DJ aliruka moja kwa moja hadi 1999, msimu ambao Gonzalez alidaka pasi 76, akafunga tachidauni 11 (yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) na kuchaguliwa kwa mara ya kwanza katika Pro Bowl, mkusanyiko wa nyota wa ligi, heshima ambayo hatimaye aliipata mara 14. Msimu wa 1998 haukuonyeshwa wala kutajwa, nao ndio ufunguo wa yote yaliyofuata. Mwaka huo Gonzalez aliangusha pasi nyingi kuliko inavyovumilika kwa mtu aliyechukuliwa mapema hivyo. Mpira ulimfika mikononi ukatoka, wiki baada ya wiki, na wengi wakaanza kusema kwamba Chiefs wamenunua mcheza kikapu. Alichokifanya baada ya hapo hakina siri: alianza kudaka mipira ya ziada kabla na baada ya mazoezi ya timu, kila siku, kutoka kila pembe, na mazoea hayo hakuyaacha hadi alipostaafu. Mtazamaji asiyeambiwa habari za 1998 ataondoka akidhani kwamba mikono ile alizaliwa nayo. Kijana wa miaka 15 aliyekaa jirani yangu aliniuliza, "Kaka, kwani huyu hakuwahi kukosea?" Nilimweleza niliyoyajua, lakini swali hilo lilipaswa kujibiwa na aliyeshika kipaza sauti.

Miaka ya katikati pale Kansas City DJ aliipa nafasi nzuri, hasa msimu wa 2003. Chiefs walishinda mechi 13 na kupoteza 3, na mkimbiaji wao Priest Holmes alifunga tachidauni 27 kwa kukimbia, rekodi ya wakati huo. Watu humkumbuka Holmes, na kwa haki. DJ alichagua mikimbio michache ya Holmes na kuiangalia kutoka upande wa namba 88: katika mmojawapo Gonzalez anamsukuma mlinzi wa pembeni kuelekea ndani, na Holmes anapita nyuma ya mgongo wake kama mtu aliyefunguliwa mlango. Nikiri kwamba sifa kubwa ya Gonzalez haikuwa kuzuia. Walikuwapo taiti endi waliomzidi kwa nguvu katika kazi hiyo, na msimulizi angeweza kulisema hilo bila kumvunjia heshima. Hata hivyo, kuonyesha kwamba mtu anayesifiwa kwa kudaka alikuwa akiinama kufanya kazi ya watu wasiotajwa majina ni uamuzi wa mtazamaji makini.

Msimu huohuo uliishia kwa kipigo cha 38 kwa 31 kutoka kwa Indianapolis Colts, nyumbani, katika mechi ambayo timu zote mbili hazikulazimika hata mara moja kuupiga mpira mbali kwa mguu kwa kushindwa majaribio yao. DJ aliionyesha mechi hiyo kwa haraka, ila aliionyesha. Mwaka uliofuata, 2004, Gonzalez alidaka pasi 102, idadi iliyozidi ya mchezaji mwingine yeyote wa ligi nzima msimu huo, wakiwemo wale wembamba wa pembeni ambao kudaka ndiyo kazi yao pekee. Kuanzia takwimu hiyo, kwa bahati mbaya, onyesho linageuka.

Saa ya pili hufunguliwa kwa muziki wa kishindo na orodha ya namba zinazotajwa kwa sauti ya kutangaza ndondi. Namba zenyewe ni za kweli kwa sehemu kubwa: pasi 1,325, yadi 15,127, tachidauni 111, mechi 270 kati ya 272 ambazo timu zake zilicheza katika misimu ya kawaida. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiona kuwa ya ajabu kuliko zote, kwa nafasi ambayo mtu hugongwa kila mchezo unapoanza, awe na mpira au asiwe nao, na DJ aliipita kama kituo kisicho na abiria. Akadumu badala yake katika madai mawili yasiyo sahihi.

La kwanza ni kwamba Gonzalez anashikilia rekodi zote za taiti endi. Hashikilii. Rekodi ya tachidauni kwa nafasi hiyo ni ya Antonio Gates, aliyefunga 116, na ile ya tachidauni za kudaka katika msimu mmoja ni ya Rob Gronkowski, aliyefunga 17 mwaka 2011. La pili ni dai kwamba Gonzalez "alipoteza mpira mara mbili tu maishani mwake," ambalo kama lilivyosemwa linachanganya mambo mawili. Kuna kuangusha pasi, yaani mpira umekufika na hukuushika; na kuna kunyang'anywa au kuangusha mpira ambao ulikuwa umeshaushika, wapinzani wakauchukua. Ni hili la pili lililomtokea mara mbili tu katika misimu 17, na ni jambo la kustaajabisha sana. La kwanza lilimtokea mara nyingi, hasa mwaka ule wa 1998 uliorukwa. Mtu aliyeweza kueleza kifua na bega kwa uwazi ule anaweza kueleza tofauti hii kwa sentensi moja.

Nitaongeza jingine dogo: si kweli kwamba kabla ya Gonzalez taiti endi walikuwa wazuiaji tu. Mike Ditka alipata zaidi ya yadi 1,000 za kudaka katika msimu wake wa kwanza, mwaka 1961, akaja Kellen Winslow, akaja Ozzie Newsome, akaja Shannon Sharpe, ambaye rekodi yake ya tachidauni ndiyo Gonzalez aliyoivunja mwaka 2007. Njia ilikuwa imeshalimwa, Gonzalez aliipanua.

Kisha kuna kisa cha mkahawani. Mwaka 2008 Gonzalez alikuwa akila katika mkahawa huko California, mteja wa meza ya jirani akapaliwa na kipande cha nyama, naye akamkumbatia kwa nyuma na kumminya tumbo mpaka kikatoka. Ni kisa cha kweli, kizuri, na kingetosha dakika mbili. DJ alikiigiza, akamwita mtazamaji mmoja mbele awe aliyepaliwa, akakirudia kwa sauti ya kike na ya kiume. Watoto walicheka hadi kulia, nami nilitoka kununua kahawa.

Niliporudi tulikuwa tumefika Atlanta. Maelezo ya namna alivyofika huko yalikuwa mafupi lakini ya haki: Chiefs walimaliza 2008 wakiwa na ushindi wa mechi 2 na vipigo 14, Gonzalez mwenyewe akiwa amedaka pasi 96 katika timu inayozama, akaomba kuhamishwa, na Aprili 2009 akapelekwa Atlanta Falcons kwa kubadilishana na nafasi ya raundi ya pili katika uchaguzi wa vijana wa 2010. Wakati huo alikuwa hajashinda hata mechi moja ya mtoano. Alicheza tatu akiwa Kansas City na kupoteza zote, kisha mbili za kwanza akiwa Atlanta, nazo akapoteza. Mashabiki wa timu zinazoishia robo fainali kila mwaka hawahitaji kufafanuliwa hali hiyo.

Mechi ya sita ilikuwa dhidi ya Seattle Seahawks, tarehe 13 Januari 2013. Falcons waliongoza 27 kwa 7, wakapitwa 28 kwa 27 zikiwa zimebaki sekunde 31. Ni katika sekunde hizo hasa umeme ulikatika Ng'ambo. Kelele za ukumbi zilikuwa kubwa, na kijana wa jenereta alionekana kuwa ndiye aliyekwenda kununua mafuta ya jenereta. DJ hakungoja. Gizani, bila kipaza sauti, bila muziki, alisimulia pasi mbili: ya kwanza ya yadi 22 kwa Harry Douglas, ya pili ya yadi 19 katikati ya uwanja kwa Gonzalez, ambaye alikuwa na karibu miaka 37 na ambaye kila mtu uwanjani alijua kuwa ndiye atakayetafutwa. Alieleza kwamba Gonzalez alijiangusha mara moja ili timu iombe muda wa mapumziko, na kwamba Matt Bryant alipiga kwa mguu mpira wa yadi 49 katikati ya milingoti, wenye pointi tatu, zikiwa zimebaki sekunde 8. Matokeo yakawa 30 kwa 28. Akamalizia kwa kusema kwamba Gonzalez alilia, na akanyamaza. Hakuna sehemu ya saa ya pili iliyolingana na hiyo, na nadhani DJ angejifunza kitu iwapo angejiuliza kwa nini watu walitulia zaidi alipokuwa hana cha kuwaonyesha wala cha kuwapigia.

Umeme uliporudi, tulitarajia mechi ya wiki iliyofuata. Hatukuipata. Tarehe 20 Januari 2013 Falcons walikuwa nyumbani dhidi ya San Francisco 49ers, mshindi aende Super Bowl. Wakaongoza 17 kwa 0, Gonzalez akafunga, na bado wakafungwa 28 kwa 24. Ndiyo mechi iliyomsogeza karibu zaidi na fainali ambayo hakuwahi kuicheza. Kuiacha mechi hiyo nje, baada ya kutufikisha kwenye machozi ya mechi ya Seattle, kunampa mtazamaji hadithi yenye mwisho ambao haukutokea. Hapa sikubali kisingizio cha muda, kwa kuwa muda wa mkahawa ulipatikana.

Kipande cha kushangilia kilirudisha heshima kidogo. Gonzalez alikuwa na desturi ya kuruka na kuudunda mpira juu ya mwamba wa goli kila alipofunga, kama mcheza kikapu, na DJ alitoa taarifa ambayo vijana wa kikapu waliipokea kwa mshangao: mwamba huo uko mita 3.05 kutoka ardhini, urefu uleule wa ringi ya kikapu. Alionyesha pia jinsi Jimmy Graham wa New Orleans Saints alivyouinamisha mwamba huo kwa kudunda vilevile, mjini Atlanta, Novemba 2013, mechi ikasimama mafundi wakiunyoosha, na jinsi ligi ilivyopiga marufuku mtindo huo kuanzia msimu wa 2014. Gonzalez alikuwa ameshaondoka. Msimu wake wa mwisho, 2013, timu yake ilishinda mechi 4 tu, na 2019 akaingizwa katika Ukumbi wa Heshima huko Canton, Ohio, katika mwaka wa kwanza aliostahili kufikiriwa.

Mwishoni huruhusiwa maswali. Wasichana wawili walitaka kujua kuhusu Travis Kelce, ambaye walimfahamu kupitia Taylor Swift, na baadhi ya wanaume walicheka kwa dharau isiyo na msingi, kwa sababu swali lilikuwa zuri. DJ alijibu kwa upole: Kelce anacheza nafasi ileile, katika timu ileile ya Chiefs, ametwaa Super Bowl tatu ambazo Gonzalez hakuzipata, na mwaka 2024 alimpita Gonzalez kwa idadi ya pasi zilizodakwa katika historia ya klabu hiyo. "Dada zangu, huyo wenu si mdogo," alisema. Alipoulizwa nani bora, alikataa kuchagua, na alifanya vyema.

Kwa anayetaka kwenda, afike mapema kidogo, kwa maana maelezo ya ubaoni hayarudiwi na bila hayo mengine yote ni watu wanaogongana. Abebe chenji, mlangoni hawana. Mwenye watoto wadogo awapeleke saa ya pili, ambayo imetengenezwa kwa ajili yao, na mwenye haraka aondoke kabla ya mkahawa. DJ ametangaza kwamba onyesho lijalo ni la Antonio Gates, aliyecheza kikapu katika chuo cha Kent State, hakucheza mpira wa Kimarekani chuoni kabisa, na mwaka 2003 hakuchaguliwa na timu yoyote kabla ya San Diego Chargers kumpokea. Hiyo ni habari ambayo haiwezi kusimuliwa kwa kuruka miaka ya shida, kwa kuwa ndiyo inayoanza nayo, hivyo nina matumaini. Muziki tu ndio apunguze.